Vijidudu Vyema: Safari ya Maziwa Lala kutoka Kibuyuni hadi kwenye Fizi

Mwezi huu wa saumu kinywa kinazungumzwa kuliko kiungo kingine chochote. Kinafungwa alfajiri, kinafunguliwa magharibi, na katikati hapo mtu anakilinda kisije kikaropoka. Lakini kinywa chenyewe, nyama yake na mifupa yake, ni wangapi wanakijulia hali? Mate yana rangi gani ukishapiga mswaki asubuhi? Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa hapa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 fizi zao hutoka damu. Tisa kati ya kumi! Ina maana katika safu moja ya swala ya tarawehe, hapa Thika au kule Ruiru, wazima ni wa kuhesabika.

Na sasa limeingia neno jipya, probiotiki. Vijana wanaliona kwenye matangazo ya simu, mama zetu wanaulizia kwenye maduka ya dawa. Ati kuna tembe za kumumunya zenye vijidudu hai, ukimumunya fizi zinapona. Mwenye pesa ananunua, asiye nazo anabaki akijiona amekosa dawa. Kabla hujatoa pesa ya futari ya watoto ukanunua kikopo, hebu tupitie historia ya jambo hili, maana ni refu kuliko tangazo, na sehemu yake kubwa imepita karibu na milango yetu.

VIJIDUDU VYA KWANZA KUONEKANA

Watu wengi hawajui kwamba miongoni mwa bakteria wa kwanza kabisa kuonekana na macho ya binadamu ni wale waliotoka kwenye meno. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga mweupe katikati ya meno yake, akauchanganya na maji safi, akautazama kwa kioo alichokichonga mwenyewe. Akaona viumbe vidogo vikiogelea. Akaandika barua kwa wanachuoni wa Royal Society, London. Huyu bwana hakuwa mchafu, alikuwa akisugua meno kwa chumvi, na bado walikuwemo tele.

Zikapita karne mbili. Mwaka 1890 Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, akatoa kitabu kueleza kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na wanga, wakatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Kuanzia hapo dunia ikatangaza vita. Kijidudu ni adui, dawa ya meno iue, maji ya kusukutua yaue. Tumelelewa ndani ya vita hivyo. Hata tangazo la sabuni linakuhesabia asilimia ya vijidudu vilivyokufa.

WAKATI HUO, KIBUYUNI

Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na vijidudu vyao waliovifuga bila kuviona. Wakalenjin wana mursik. Maziwa hutiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, yakakaa siku kadhaa hadi yakaganda. Wamaasai wana kule naoto, kibuyu chake kinafukizwa kwa mti wa oloirien, yaani mzeituni wa porini. Ndugu zetu Wasomali wana suusac, maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachache yenyewe. Na hilo la mwisho si la mbali nasi. Barabara ya Garissa inaanzia Thika, na mabasi yanayoleta maziwa ya ngamia kutoka Isiolo kwenda Eastleigh yanapita hapa hapa, Thika kisha Ruiru. Familia nyingi za mtaa wetu zimekua na ladha hiyo. Waswahili wakayaita yote kwa jina moja tamu, maziwa lala, na viwandani likafupishwa likawa mala.

Huko Ulaya jambo hili liligunduliwa kwa kelele zaidi. Mwaka 1905 kijana Mbulgaria, Stamen Grigorov, akisomea Geneva, alimtambua bakteria anayegandisha mtindi wa kwao. Halafu Ilya Metchnikoff, mwanasayansi wa Pasteur Institute ya Paris, akaandika mwaka 1907 kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa hayo. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Nobel, ingawa ilikuwa kwa kazi nyingine, ya kinga ya mwili. Mwenyewe alikunywa maziwa ya kuchacha kwa bidii na akafariki 1916 akiwa na miaka 71, basi kila mtu na ajali yake. Japani naye Minoru Shirota alimchagua bakteria mmoja mwaka 1930, na mwaka 1935 kinywaji cha Yakult kikaanza kuuzwa. Maana rasmi ya probiotiki ilikuja kuwekwa na wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 walipokutana Argentina. Walisema ni viumbe hai vidogo ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Shikilia maneno mawili hapo, "hai" na "kiasi cha kutosha." Tutayahitaji.

KIBUYU KINADHARAULIWA, KISHA KINARUDI NA LEBO

Hapa Kenya mambo yalikwenda kinyume. Shirika la KCC lilianzishwa 1925 na walowezi, na maziwa ya kisasa yakawa ni yale ya chupa na baadaye ya pakiti. Kibuyu kikawa alama ya ushamba. Sababu moja ilikuwa ya kweli na tusiikane: maziwa mabichi yanaweza kubeba maradhi, brusela ikiwemo, na kuganda hakutoshi kuyasafisha. Lakini pamoja na uchafu, vilitupwa na vyema.

Biashara ya maziwa ilifunguliwa kwa wote mwaka 1992, na mwaka 1993 kampuni ya Brookside ikaanza, kiwanda chake hapo Ruiru. Leo mtoto wa Ruiru anajua mala ni kitu cha pakiti kutoka kwenye friji ya duka. Ni kitu kile kile cha nyanya yake, tofauti ni kwamba kiwandani maziwa huchemshwa kwanza, kisha hutiwa bakteria waliochaguliwa.

Katikati ya Thika na Ruiru, pale Juja, kuna chuo kikuu cha JKUAT, kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa Japani. Watafiti wa pale, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Nairobi na wa Ujerumani, walikwenda umaasaini wakachukua sampuli 22 za kule naoto. Wakatoa humo bakteria 300 wa kuchachusha, wakawachunguza mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa 2004. Aina iliyotia fora ni Lactobacillus plantarum, ambayo ndugu zake wanauzwa ng'ambo ndani ya vidonge kama probiotiki. Yaani kitu walichokiita ushamba kilikuwa na mali ndani yake, na waliofungua kibuyu kukitazama ni majirani zetu wa Juja.

Tahadhari moja kabla hatujaanza kusifu kila kilichochacha. Uji wetu wa kuchachusha, ule Wakikuyu wanauita ucuru wa mukio, mara nyingi hupikwa baada ya kuchacha. Ni chakula kizuri sana, lakini moto umeshawaua wale bakteria. Si probiotiki kwa maana ya wale wataalamu wa Argentina. Na mursik nayo, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta ndani ya baadhi ya sampuli kemikali ya asetaldehidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Cha asili si lazima kiwe salama.

NG'AMBO YA KILIMAMBOGO

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo habari ya fizi ilipogeuka, na iligeukia upande wetu wa dunia.

Ukisimama Thika ukatazama mashariki utauona mlima Kilimambogo. Huko ni Machakos. Miaka ya 1980 daktari wa meno Mkenya, Firoze Manji, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kuanzisha gazeti la Pambazuka, pamoja na Wadenmark Vibeke Baelum na Ole Fejerskov, walichunguza vinywa vya watu wazima 1,131 wa vijijini Machakos, wa miaka 15 hadi 65. Wakati ule vitabu vya udaktari vilifundisha mstari mmoja ulionyooka: ukoga unaleta fizi kuvimba, fizi kuvimba kunaleta mfupa kuoza, mfupa ukioza meno yanang'oka. Na kwa kuwa Waafrika walidhaniwa kuwa na ukoga mwingi, basi iliaminika kwamba uzeeni ni vibogoyo.

Walichokikuta, kilichochapishwa 1988, ni kingine. Ukoga ulikuwepo kwa wingi. Ule uliokauka ukawa kama mawe ulikuwepo pia. Fizi za wengi zilitoka damu. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa kula mfupa, ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache. Wengi wa wazee hao wa kijijini walikuwa bado na meno yao mengi. Na walipofuatilia bakteria kwenye miaka iliyofuata, waliwakuta wale wabaya wanaojulikana kwa kuharibu fizi hata kwenye vinywa vya watu ambao hawakuwa na ugonjwa mkubwa.

Sasa fikiria. Adui yumo nyumbani na nyumba haijabomoka. Kwa hiyo swali si "yumo au hayumo?" tu. Swali ni amepewa nafasi gani, jirani zake ni akina nani, na mwili wa mwenye nyumba unamjibu vipi. Machakos haikusema usipige mswaki, msinielewe vibaya vijana. Ilisema kinywa ni kama mtaa, na mtaa hauharibiki kwa kuwa mwizi mmoja anaishi humo. Unaharibika mizani inapopinduka. Mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye ukoga wa miaka, hao mizani yao inapinduka upesi.

Wazo la mizani ndilo lililofungua mlango wa probiotiki kinywani. Kama vita vya kuua wote havishindiki, kwa nini tusiongeze jirani wema?

VIJIDUDU VINAPIMWA

Majaribio yakaanza. Helsinki, Finland, watoto 594 wa miaka 1 hadi 6 walipewa maziwa kwa miezi saba. Baadhi yao, bila wazazi kujua ni akina nani, walipata maziwa yenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG. Matokeo ya 2001 yalionyesha waliopata bakteria walipungukiwa na hatari ya meno kutoboka, hasa wa miaka 3 na 4. Bakteria huyo huyo sasa yuko Afrika Mashariki. Taasisi ya Yoba for Life, iliyoanzishwa Uholanzi 2009, inampeleka katika pakiti ndogo kwa wagandishaji mtindi wadogo wadogo, Uganda hasa. Na Mwanza, Tanzania, tangu 2004 akina mama wamekuwa wakigandisha mtindi wa probiotiki wakisaidiwa na chuo kikuu cha Western cha Kanada, wakitumia ndugu yake aitwaye GR-1. Hiyo haikuwa kwa ajili ya meno, ila inaonyesha kwamba jambo hili halihitaji kiwanda cha Ulaya.

Kwa fizi zenyewe, aliyepimwa sana ni Lactobacillus reuteri. Wasweden walimtia kwenye chingamu wakawapa wagonjwa 59 wenye fizi zilizovimba, na matokeo ya 2006 yakaonyesha damu imepungua ndani ya wiki mbili. Mwaka 2013 watu 30 wenye ugonjwa uliokomaa walisafishwa mizizi ya meno na daktari. Nusu wakaongezewa tembe za reuteri kwa wiki 12, na kwao ile mifuko mirefu katikati ya jino na fizi ilipungua zaidi. Anafanyaje kazi? Anashindania nafasi na chakula, anatoa dutu zinazowazuia wabaya, na anatuliza kidogo ghadhabu ya kinga ya mwili, maana kinachokula mfupa wa fizi kwa sehemu kubwa ni hiyo ghadhabu yenyewe.

Vizuri. Lakini watu 30, watu 59, ni wachache. Wataalamu wa fizi wa Ulaya walikaa mwaka 2020, wakayapima majaribio yote kwa pamoja, na katika mwongozo wao wakashauri probiotiki zisitumiwe kama nyongeza ya matibabu ya ugonjwa wa fizi, kwa kuwa ushahidi haujatosha na matokeo yanatofautiana. Tena bakteria hawa hawahamii. Ukiacha kumumunya, baada ya wiki kadhaa wametoweka. Ni wageni, wanakaa maadamu unawalisha.

Kwa hiyo yule mwenye duka anayekuambia tembe zinaponya fizi anakuuzia zaidi ya anachojua. Fizi inayotoka damu kila siku, jino linalolegea, usaha, hayo ni ya daktari wa meno. Hospitali ya Thika Level 5 ina kliniki ya meno, huhitaji kwenda Nairobi. Ule ukoga uliokuwa jiwe hauondolewi na bakteria wala na mala, unakwanguliwa kwa chombo.

MEZA YA RAMADHANI

Tukirudi kwenye mwezi wetu. Mfungaji mate yake hupungua mchana, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Usiku tunakula vitamu, tende, kaimati, maji ya mananasi ya Thika yenye sukari vijiko vinne, kisha daku, kisha usingizi bila kupiga mswaki. Hapo ndipo Miller wa 1890 anapotukumbusha asidi yake.

Mswaki wa mti, ule hasa unaotoka maeneo makavu ya Garissa na pwani, unaitwa na wataalamu Salvadora persica. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza sana, hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wanaume 213 wa Sudan, na fizi za watumiaji mswaki wa mti zilikuwa sawa na za watumiaji brashi au bora zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden wakagundua kwamba mafuta ya mzizi wake yana dutu ambayo maabarani iliwaua upesi bakteria wabaya wa fizi, ilhali aina za kundi lingine ziliathirika kidogo au hazikuathirika. Mti wenyewe unachagua! Kuhusu kuutumia mchana wa saumu, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunafuata, ni makuruhu baada ya jua kupinduka, na wako maulamaa wanaoruhusu kutwa nzima. Asubuhi hakuna shida, na usiku wote ni wako. Tembe za probiotiki ni za usiku tu, hilo halina mjadala.

Na maziwa? Kunywa mala na futari, lakini soma pakiti. Mtindi wa kukaa rafuni bila friji miezi kadhaa mara nyingi umepashwa moto baada ya kuganda, bakteria wamekufa. Ule wa ladha ya stroberi na vanila umejaa sukari, unamlisha adui na rafiki kwa kijiko kimoja. Na jua kwamba bakteria wema nao hutoa asidi, kwa hiyo ukishakunywa, sukutua na maji, na ukishakula daku piga mswaki kabla ya adhana.

Ukitaka ya bei nafuu, igandishe nyumbani. Chemsha maziwa lita moja hadi yafoke, yaache yapoe mpaka kidole kisisikie moto wala baridi. Tia vijiko vitatu vya mala ya dukani isiyo na sukari, iliyotoka kwenye friji na tarehe yake haijapita. Koroga kwa kijiko kilichooshwa kwa maji moto, funika, weka pembeni jikoni. Ukiyaweka baada ya tarawehe, kesho magharibi yameshalala. Toa vijiko vitatu uvihifadhi kwenye friji kwa lita inayofuata.